Nani Alipewa Pole

Mimi ndiye niliyemkamata na penseli. Nilikuwa napanga vitabu katika maktaba ya mtaa jirani na Regent Park, kazi niliyoifanya miaka mingi hapa Toronto, na kwa muda mrefu tulikuwa tunamtafuta mhalifu anayeandika pembeni mwa kurasa. Hakuandika matusi wala kuchora vikaragosi. Yalikuwa maandishi madogo, yamenyooka kama ya ubaoni: "Ushahidi uko wapi?" "Hapa unakisia." "Soma tena." Vitabu vyenyewe vyote vya historia, na vingi juu ya jambo moja: wanawake wa zamani, wa Ulaya na Marekani, waliopendana urafiki wa kupitiliza, wakaandikiana barua za kuunguza karatasi, wakaweka nyumba moja mpaka uzeeni. Siku moja nasukuma kigari changu cha vitabu, namwona mama mmoja Mgoa, mwembamba, sweta limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, penseli inakimbia.

Nikamwambia kwa Kiingereza cha kazini kwamba vitabu hivi ni mali ya umma. Lafudhi yangu ikanisaliti, maana alinijibu kwa Kiswahili, tena cha Tanga kabisa.

"Na makosa yaliyomo, mwanangu, ni mali ya nani?"

Nilitakiwa kumpeleka kwa mkuu wangu. Sikumpeleka. Nilimpa kifutio, akakitia mkobani, na sina hakika kama aliwahi kukitumia.

Kila mtu alimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyo. Alikuwa amefundisha historia katika sekondari ya wasichana huko nyumbani Tanzania, na kustaafu hakukumwingia akilini hata kidogo. Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mwenyewe mambo hayo yalimchosha. Ukianza kumsimulia mtu kwa kutaja babu zake, alikukata: "Babu namsikia. Huyo mtu mwenyewe anakula nini asubuhi?"

Basi, asubuhi alikula mkate mkavu na chungwa. Chungwa alilimenya kwa kisu kidogo bila ganda kukatika hata mara moja, halafu nusu anakula, nusu anamwachia Nesi kwenye sahani, amelifunika kwa sahani nyingine. Na Nesi hakupenda machungwa. Hilo nililiona kwa macho yangu: Mwalimu akigeuka, Nesi anaitumbukiza nusu yake kwenye mkoba wangu na kunikonyeza.

Nesi alikuwa Mgoa mwenzake, aliyewahi kuwa nesi wa wodi ya wazazi. Mnene, mcheshi, mpenzi wa hoki ya kwenye barafu kiasi kwamba wachezaji aliwakaripia kupitia televisheni: "Mpasie mwenzio, bwege wewe!" Yeye na Mwalimu walianza kukaa nyumba moja wakiwa Tanga, wakahama pamoja, wakapanga pamoja huku kwenye ghorofa ya tisa, na ukijumlisha yote ni miaka thelathini na saba. Kiingereza chao kilikuwa cha wageni na cha benki. Wakigombana, Kiswahili. Na waligombana, we! Dirisha lifunguliwe, dirisha lifungwe. Chai iwe nzito, chai iwe nyepesi. Mwalimu alibandika vikaratasi kwenye kila kopo jikoni, mchele, dengu, iliki, na Nesi kila wiki alivihamisha kimakusudi, dengu kwa mchele, ili tu amsikie mwenzake akifoka.

Watu walisema. Tusidanganyane. Tulikuwa na misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi, na baada ya misa, kwenye chai na maandazi kule chini, wawili hao walikuwa mada. Wengine walisema ni ndugu. Wengine wakasema maskini, hawakubahatika kuolewa, wakaamua kusaidiana kodi. Wengine walishusha sauti na kuangalia mlangoni kwanza. Mimi sijitoi. Mara ya kwanza kualikwa kwao nilikwenda na macho yangu yote mawili, nikijifanya nahitaji choo, nikapita polepole kwenye kile kibaraza cha ndani nikihesabu milango. Nesi alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa cha vyombo begani.

"Unatafuta choo," akasema, "au unatafuta habari?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta, akanionyesha choo, na tangu siku ile nikawa mtu wao. Milango sikumaliza kuihesabu.

Kila Alhamisi mchana, kwenye chumba cha mikutano cha maktaba, Mwalimu alikuwa na kundi. Akina mama wa Kitanzania na Kikenya, mama mmoja wa Kongo, siku nyingine kumi, siku nyingine wanne kwa sababu ya theluji. Alichukua hivyo vitabu vyake, akasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, kisha akatupa kwa Kiswahili kana kwamba habari imetokea juzi mtaa wa pili. Hapo ndipo tulipojua kwamba wanahistoria nao wanasengenya, ila wao wanaita utafiti.

Alitueleza hivi. Kuna wanawake wawili, karne ya kumi na tisa. Wanaandikiana "moyo wangu, uhai wangu, nahesabu usiku hadi nikuone". Wanahamia nyumba moja, wanapanda maua, wanalala kitanda kimoja, wanazeeka. Sasa wanahistoria wa upande mmoja wanasema: tulieni, hiyo ilikuwa lugha ya enzi zile, kila mwanamke alimwandikia rafikiye hivyo, kitanda kilikuwa kimoja kwa sababu nyumba ilikuwa baridi. Wa upande wa pili wanasema: acheni kujifanya vipofu, hayo yalikuwa mapenzi kama mapenzi mengine, na mkiyaita urafiki mnawafuta watu.

"Haya," akasema, "nani mkweli?"

Weee, chumba kiliwaka. Dada mmoja wa Nairobi, mdogo kuliko sisi wote, alisema hao walikuwa wapenzi, habari imekwisha, kwani ni lazima waandike kwa wino mwekundu? Mama wa Kongo akasema kwao wanawake wanashikana mikono, wanalala pamoja, wanapakana mafuta, na hakuna anayeuliza, huku Ulaya ndiko wanakotia jina kila kitu. Mimi nilisema sijui, nikaambiwa na Mwalimu kwamba hilo ndilo jibu la kwanza la maana mchana ule. Nilifurahi wiki nzima.

Nesi alikuwepo siku ile, pembeni, anafuma. Dada wa Nairobi akamgeukia moja kwa moja, bila breki: "Na wewe, Anti, unasemaje?"

"Mimi nasema saa kumi inafika na kuku sijamtoa kwenye barafu," Nesi akajibu, na hakuinua macho.

Mwalimu alikuwa na msimamo wake, na aliurudia mara nyingi hata nikaukariri. Barua, alisema, si ushahidi. Mtu anaweza kuandika asichohisi na kuhisi asichoandika. Kitanda nacho si ushahidi, hukuwepo. Jina pia si ushahidi, kwa sababu jina wanalitoa majirani. "Nendeni msibani," alisema, na kidole cha ualimu kikapanda juu. "Mmoja alipokufa, watu walikwenda kumpa pole nani? Aliyepewa pole, huyo ndiye aliyekuwa wake. Jamii haikosei mlangoni mwa mfiwa." Na kweli alikuwa akipekua kila kitabu kutafuta hilo tu: barua za rambirambi, nani ameandikiwa, nani amekaa mbele kanisani. Akilipata, aliandika pembeni kwa penseli: "Alipewa pole." Alipolikosa, hakuandika kitu, ila ungemwona amenuna mpaka jioni.

Sisi tulikipenda kipimo hicho. Kilikuwa cha kwetu. Hakikumwingilia mtu chumbani.

Mtu huyu, sasa, aliyewasahihisha watu wote. Alimsahihisha padre sarufi ya mahubiri, akiwa amempa mkono wa kheri kwanza. Alimsahihisha dereva wa basi njia. Ila umguse yeye, aa! Mwaka mzima hakusema nami vizuri kwa sababu nilimwambia reli ya Tanga haikujengwa na Waingereza, na nilikuwa sahihi. Alihubiri kwamba hakuna kujionyesha mbele za watu, kila kitu na mahali pake, lakini baridi ikianza, pale mlangoni pa kanisa, mbele ya waumini wote, alipiga magoti kwenye maji ya theluji na kumvalisha Nesi buti, kwa sababu magoti ya Nesi hayakukunjika tena.

"Huu ni mguu au ni gogo? Sukuma!"

"Funga kamba, acha hotuba."

Halafu anafunga fundo mara mbili, analipigapiga kwa kiganja, anainuka kwa shida, koti limelowa. Watu walipita kando yao wakisema samahani, samahani. Mimi pia nilipita kando yao.

Nesi alifariki mwezi wa pili, baridi ile ambayo majengo ya kwanza ya Regent Park yalikuwa yameshabomolewa na vumbi la ujenzi limechanganyika na theluji. Simu nilipigiwa na mtu wa kanisani. Akasema msiba uko Pickering, mji wa jirani, kwa mpwa wa marehemu.

Nawaambia ilivyokuwa, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Mpwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba kubwa, maegesho ya kutosha, na mkewe alipanga viti kama inavyotakiwa. Tulikwenda kwa treni, wanne wa kundi la Alhamisi, na chapati zetu kwenye beseni. Tulipoingia sebuleni, mpwa na mkewe walikuwa wamekaa kwenye kochi, wamevaa nyeusi. Sasa sisi tumelelewaje? Msibani mtu hamtafuti anayelia, anamtafuta aliyekaa. Tukapanga mstari, tukawapa mikono, tukainama. "Poleni sana. Poleni kwa msiba." Mimi hata machozi yalinitoka, nikiwa nimemshika mkono mwanamume ambaye sikuwahi kumwona tangu nizaliwe. Na yeye, kama mfiwa yeyote, alitusimulia jinsi mauti yalivyomfika. Alisema shangazi yake alifariki hospitali, alfajiri, akiwa usingizini, hakuteseka. Kila kundi lililoingia alilisimulia upya, na kila aliyesikia alitikisa kichwa na kusema Mungu ni mwema.

Mwalimu alikuwa jikoni. Mke wa mpwa alikuwa amemwambia kwa upole kabisa, Anti, wewe ndiye unayejua chai yetu, tusaidie. Akavaa aproni. Alikuwa anapima majani kwa kijiko, sufuria kubwa la watu hamsini, amesimama mgongo wima. Niliingia mle na beseni langu la chapati. Macho yangu yalikuwa bado na machozi niliyomlilia mpwa. Na nikamwambia nini? Nikamwambia, "Mwalimu, sukari iko wapi?"

"Juu ya friji," akasema.

Nikaichukua. Kutoka sebuleni mpwa alikuwa anaanza tena, alifariki hospitali, alfajiri. Mkono wa Mwalimu ulisimama na kijiko hewani. Nilingoja amsahihishe. Alikuwa amewasahihisha maprofesa, huyu. Akamwaga majani kwenye sufuria, akakoroga.

Kwenye karatasi ya misa jina la Mwalimu liliandikwa mwisho, chini ya majirani: rafiki wa familia.

Alhamisi iliyofuata alikuja. Tulimwambia tumekukosa, tukamuuliza kama barabara zilikuwa na barafu. Alitufundisha juu ya biashara ya mkonge. Vile vitabu vya wanawake wawili hakuvigusa tena, wiki ile wala mwaka ule, na hakuna aliyeuliza. Mimi ilinichukua karibu mwezi. Nilikuwa kwenye basi, nasinzia, na ghafla kikanijia kile kipimo chake chote, kidole na sauti, nani alipewa pole, nikashtuka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Kwa kipimo alichokifundisha mwenyewe, miaka thelathini na saba ilikuwa si kitu. Na sisi ndio tuliojibu lile swali, mmoja mmoja, kwa mstari, tukimpita kwenda kwenye kochi.

Je, nilikwenda kwake jioni ile ile? Sikwenda. Niliona haya. Nikasema kesho, nikasema Pasaka ipite. Na pole ikikaa sana inakuwa ngumu kuitoa, unaanza kufikiri utamtonesha mtu. Visingizio vyangu hivyo, navijua. Miaka ilipita hivyo hivyo, tukisalimiana, tukibishana juu ya reli, na mimi najichukia kila ninapomwona anavaa buti zake peke yake.

Mwishowe alihamia nyumba ya wazee kule Mississauga. Siku moja alinipigia simu.

"Jumamosi binti wa chuo kikuu anakuja kunihoji. Anakusanya habari za wanawake wa Afrika Mashariki walioishi pamoja huku. Njoo ukae. Nikidanganya unisahihishe."

"Mimi nikusahihishe wewe, Mwalimu?"

"Ndiyo maana nasema njoo, uone maajabu."

Binti alikuwa na adabu. Amezaliwa huku, wazazi wake wa Mombasa, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Chumba kilikuwa kidogo, Mwalimu kwenye kiti cha dirishani, sweta limefungwa hadi shingoni, binti kwenye kiti cha wageni, mimi kwenye ukingo wa kitanda. Binti aliwasha kinasa sauti chake, akauliza moja mbili za kuanzia, kisha akauliza lenyewe, taratibu, karibu aombe radhi: yeye na Nesi, angependa waandikwe kama nani?

Mwalimu alimfundisha. Alimpa somo zima, upande wa kwanza, upande wa pili, barua, kitanda, jina la majirani. Sauti ilikuwa imechoka ila mpangilio ule ule. Akafika kwenye kipimo chake, binti akaandika haraka haraka, macho yanang'aa.

"Sasa kitumie," Mwalimu akamwambia. "Nesi alipokufa, nani alipewa pole? Mpwa wake, huko Pickering. Mimi nilipika chai. Kwa hiyo andika rafiki. Rafiki wa familia. Historia haibembelezi mtu."

Na binti, kwa kuwa ni mwanafunzi mzuri, akaanza kuandika.

"Usiandike!" nikasema. Nilijishangaa kwa sauti niliyoitoa. Kuna mzee alichungulia mlangoni. "Usiandike hivyo. Kipimo hakina kosa, sisi ndio tulikosea. Andika kwamba nilikuwepo. Nililia kwa mpwa ambaye simjui, halafu nikaenda jikoni nikamuuliza huyu mama sukari. Niliwaona miaka yote, buti na machungwa na kila kitu, nilijua, tulijua sote, nikamuuliza sukari!"

Binti alibaki na kalamu mkononi. Mwalimu alikuwa ananitazama kama ananisahihishia insha. Nikainuka pale kitandani, nikamwendea, nikainama kama inavyotakiwa, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa mwepesi, hauna uzito kabisa.

"Mwalimu," nikasema, "pole sana kwa msiba wa mwenzio."

Aliitazama mikono yetu. Nilidhani nimeharibu.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, Mwalimu. Nisamehe."

"Vuta hicho kiti ukae."

Nikakaa karibu yake, magoti kwa magoti. Hakuuachia mkono wangu. Alikohoa, akatazama dirishani, na akaanza, kwa ile sauti ya chini wanayosemea wafiwa.

"Aliamka vizuri tu. Si hospitali. Nyumbani, saa nne asubuhi, macho wazi. Alikunywa chai nusu kikombe akasema nimeiharibu, nyepesi. Akaniuliza theluji imekoma? Nikamwambia imekoma. Ilikuwa haijakoma, ila nilitaka afurahi. Akasema basi vaa utoke, ukanunue ndimu. Nikamwambia sitoki, nani atakuangalia? Akaniambia, wewe mwanamke una maneno. Nikageuka kuchukua kikombe. Nilipogeuka tena..." Aliupapasa mkono wangu. "Kikombe nilikiosha. Sijui kwa nini nilikwenda kukiosha kwanza."

Nililia, sikuficha. Binti alikuwa ameweka kalamu chini. Aliinuka, akaja akachuchumaa mbele ya kiti cha Mwalimu, akampa mikono yote miwili kama alivyoniona mimi nikifanya, na kwa mara ya kwanza mchana ule akasema Kiswahili.

"Pole sana, Anti."

Mwalimu akamgeukia mwili mzima.

"Asante, mwanangu. Kaa," akasema, akamsogezea miguu ampe nafasi, akaanza upya kabisa. "Aliamka vizuri tu."